Damu ya Watumishi wa Hospitali Baada ya Kuchanjwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni wa Chama, Buyenzi, Bujumbura)



Halmashauri ya Chama imenitaka niseme juu ya jambo ambalo katika mitaa yetu limezungumzwa sana na kufahamiwa kidogo, nalo ni lile la kupimwa damu watumishi wa hospitali baada ya kuchanjwa chanjo ya korona. Kazi yangu mimi ni ya maabara, si ya mimbari. Basi mniwie radhi iwapo maneno yangu yatakuwa makavu. Nimekubali kwa sababu katika jamaa hii tunao wauguzi, wakunga, wafagiaji wa wadi, madereva wa magari ya wagonjwa, na wale wanaoosha maiti, na karibu kila mmoja wao amepata kuniuliza swali moja: "Je, ile sindano ilinishika?"

Swali hilo lina mzizi wake, nao uko katika mikono ya wazee. Waliozaliwa kabla ya mwaka 1970, wengi wao wana kovu la mviringo karibu na bega, nalo ni la chanjo ya ndui. (Vijana walio na kovu kama hilo wasidanganyike, lao ni la chanjo ya kifua kikuu.) Zamani zile mtu alichanjwa, na baada ya siku chache pakaota kijipele, kikajaa maji, kikafanya ukoko, kikaacha alama. Mwenye alama alijua kwamba chanjo imeshika. Asiyeota kitu alichanjwa tena. Tabibu hakuhitaji maabara, alitazama mkono tu. Na ndui yenyewe ilikwisha duniani kwa njia hiyo. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, wa mji wa Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Naye hakuwa mchungaji wa porini wala msafiri, bali alikuwa mpishi wa hospitali. Nalikumbusha jambo hilo makusudi, maana wengi wetu tukisikia "mtumishi wa hospitali" twamwona daktari peke yake, ilhali maradhi hayatazami cheo. Mpishi yule alipona, akaishi mpaka mwaka 2013, na miaka yake ya mwisho aliitumia kuwahimiza Wasomali wenzake wawachanje watoto wao chanjo ya polio.

Chanjo ya korona haikuacha alama. Mkono uliuma siku moja au mbili, wengine wakapata homa kidogo, basi, mambo yakaisha. Mtu hana cha kutazama. Ndipo watu walipoanza kutaka kuitazama damu.

Kabla sijaingia katika damu yenyewe, yafaa tukumbuke namna mambo yalivyokwenda hapa kwetu. Wagonjwa wa kwanza walitangazwa Burundi tarehe 31 Machi 2020. Mwezi wa Februari 2021 Serikali ilisema kwamba haioni bado haja ya chanjo, kwa kuwa wagonjwa wengi mno walikuwa wakipona. Baadaye shauri likageuzwa, na mwezi wa Oktoba 2021 zikafika dozi nusu milioni za chanjo ya Sinopharm kutoka Uchina. Kazi ya kuchanja ilianza humu mjini Bujumbura tarehe 18 Oktoba 2021, nayo ilikuwa wiki ya Maulidi. Kenya walikuwa wamekwisha kuanza Machi mwaka ule, na Tanzania mwisho wa Julai. Sisi tulikuwa miongoni mwa nchi za mwisho kabisa katika Afrika. Silisemi hili kwa kulaumu, lakini lina maana kubwa kwa habari yangu: sindano ya kwanza ilipoingia katika mkono wa muuguzi wa Bujumbura, virusi vyenyewe vilikuwa vimekwisha kuzunguka katika wadi zetu mwaka mmoja na nusu. Hilo ndilo linaloifanya damu yetu iwe ngumu kusomeka.

Sasa nieleze hiyo damu. Tabibu Al-Razi, aliyeandika kitabu juu ya ndui na surua zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, alijua kwamba aliyepona ndui hairudii, ingawa sababu aliyoitoa siyo ile tunayoijua leo. Leo twajua kwamba mwili ukivamiwa na virusi hutengeneza vitu vidogo sana viitwavyo kingamwili, ambavyo hukaa katika majimaji ya damu na kumshika adui kama kufuli inavyoshika ufunguo wake mmoja. Kila adui ana kingamwili zake. Chanjo humwonyesha mwili sura ya adui bila ya kumpa maradhi, ili mwili uzitengeneze kingamwili mapema. Kipimo kinachozungumzwa ni hiki: huchukuliwa damu kidogo mkononi, huzungushwa katika mashine mpaka chembe nyekundu zishuke chini na majimaji yakae juu, kisha majimaji hayo hutiwa juu ya kipande cha virusi kilichogandishwa katika kisahani. Ikiwa kingamwili zimo, zitakishika kipande kile, na rangi itaonekana. Kadiri rangi inavyozidi ndivyo kingamwili zilivyo nyingi.

Lakini kipande gani cha virusi? Hapa ndipo walipopotea wengi, hata wasomi. Virusi vya korona vina miiba kwa nje, ambayo ndiyo huvipa jina lao, na vina protini nyingine ndani inayoufunika urithi wao. Chanjo kama za Pfizer, Moderna, AstraZeneca na Johnson humwonyesha mwili miiba peke yake. Kwa hiyo mtu aliyechanjwa moja ya hizo, damu yake ikionekana ina kingamwili za protini ya ndani, twajua kwamba huyo alipata ugonjwa wenyewe, hata kama hakuugua. Lakini Sinopharm si hivyo. Sinopharm ni virusi vizima vilivyouawa kwa dawa, vikatiwa katika sindano na miiba yao na vya ndani yao. Mwili wa aliyechanjwa Sinopharm hutengeneza kingamwili za vyote viwili. Basi mtumishi wa hapa Bujumbura akipimwa ikaonekana anazo, haiwezekani kwa kipimo hicho kusema kama zimetoka katika sindano au zimetoka kwa mgonjwa aliyemkoholea wadini. Nimeona watu wakibishana sana juu ya karatasi za namna hii, na karatasi yenyewe haina jibu la ubishi wao.

Na kwamba watumishi wa hospitali walikuwa wamekwisha kuambukizwa kabla ya chanjo, hilo si dhana. Jirani zetu wa Bukavu, ng'ambo ya Rusizi, walilipima. Katika Hospitali ya Panzi, ile ya Daktari Denis Mukwege, walipimwa watumishi 359 katika Julai na Agosti 2020, miezi michache tu baada ya ugonjwa kuingia, na kama 41 katika kila 100 walikutwa na kingamwili. Wengi mno walikuwa wamepitiwa kabla dunia haijapata chanjo yoyote. Nchini Kenya, baina ya Julai na Desemba mwaka ule, walipimwa watumishi 684 katika sehemu tatu: Nairobi walikutwa kama 44 katika kila 100, ilhali Busia na Kilifi walikuwa kama 12. Wataalamu wale waliangalia pia kazi ya kila mtu, na haikuonekana kwamba kazi yenyewe ilileta tofauti. Mji ulileta tofauti, cheo hakikuleta. Namrudia tena mpishi wa Merca.

Liko na jambo la malaria, ambalo kwetu sisi wakazi wa pwani ya Tanganyika si dogo. Damu ya mtu aliyeumwa malaria mara nyingi imejaa kingamwili za kila namna, na vipimo vingine vya korona vilivyotengenezwa Ulaya na Uchina vimeonekana kukosea katika damu ya Kiafrika, vikasema "zimo" na kumbe hazimo. Maabara ya Kilifi walifanya jambo la busara: kabla ya kukiamini kipimo chao walikijaribu kwa damu ya Wakenya iliyohifadhiwa tangu 2018, wakati korona hii haijakuwapo. Kipimo kinachonunuliwa dukani bila ya kujaribiwa hivyo, mimi sikitegemei.

Mtanijibu: Je, hospitali hazikuzoea kupima watumishi baada ya chanjo? Kweli, zimezoea, na mfano ni homa ya ini aina ya B. Mtumishi huchanjwa mara tatu katika miezi sita, na mwezi mmoja au miwili baada ya ile ya mwisho hupimwa damu. Akionekana ana kiasi cha 10 au zaidi kwa kipimo chake, huambiwa kwamba ana kinga. Akiwa chini ya 10, hurudiwa. Mstari uko, umejulikana kwa miaka mingi, na kila maabara inaujua. Kwa korona mstari huo haupo. Shirika la Afya Duniani liliweka mwishoni mwa 2020 kipimo cha pamoja ili maabara za nchi mbalimbali ziweze kulinganisha hesabu zao, na hilo lilikuwa jambo jema, lakini hakuna aliyeweza kusema, "Ukifika hapa umeokoka." Ndiyo maana mwezi wa Mei 2021 idara inayosimamia dawa huko Marekani iliwaonya watu wasitumie vipimo vya kingamwili kujua kama wamekingwa baada ya chanjo.

Basi kipimo hiki kina faida gani? Faida yake ni kubwa, lakini ni faida ya kundi kuliko ya mtu mmoja. Mfano mzuri ulitoka katika hospitali ya Sheba karibu na Tel Aviv, mwaka 2021. Watumishi waliokwisha kuchanjwa walifuatwa, na kila aliyepata dalili au aliyekutana na mgonjwa alipimwa. Katika watu 1,497 waliopimwa hivyo, 39 walikutwa wameambukizwa, wengi wao bila ya kuugua sana. Damu yao ya siku za kuambukizwa ilipolinganishwa na ya wenzao waliosalimika, ilionekana kwamba kingamwili zao zilikuwa chache zaidi. Halafu watumishi wengi wengine wa hospitali ile wakapimwa mwezi kwa mwezi, ikaonekana kingamwili zashuka kwa muda wa miezi sita, na zashuka zaidi kwa wazee na kwa wenye maradhi yanayodhoofisha mwili. Elimu ya namna hiyo ndiyo iliyowafanya wakubwa wa afya duniani waagize dozi ya tatu. Tarehe 11 Oktoba 2021, wiki moja tu kabla sisi hatujaanza, washauri wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba waliochanjwa Sinopharm wenye miaka 60 na zaidi wapewe dozi ya tatu. Damu ya watu wale wachache ilisema jambo lililowafaa watu wengi.

Lakini damu ya mtu mmoja, ikisomwa peke yake, yaweza kumdhulumu. Niwape habari mbili, na wenyewe sitawataja.

Yuko mama mmoja katika mitaa yetu ambaye mchana hufanya kazi ya usafi hospitalini, na kwa ajili ya Mwenyezi Mungu huosha maiti wa kike wanapofishwa katika jamaa. Aliosha katika siku zile mbaya ambapo hata ndugu wa marehemu walisimama mbali. Alichanjwa sindano zake mbili, akaendelea. Miezi kumi na minne baadaye mtu alimpima kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni, na mstari haukuonekana. Akaambiwa, "Huna kitu." Neno moja tu. Mama yule akarudi nyumbani akaviweka vitambaa vyake na glavu zake sandukuni, akakataa kuosha. Kwa miezi kadhaa wanawake wa mtaa wakawa wanahangaika, kila pakitokea msiba watafute mwoshaji wa mbali, na mnajua kwamba maiti hangoji. Nilipoisikia habari hii nilikwenda kwake. Nilimweleza kwamba kingamwili zinazoelea katika damu hupungua kadiri miezi ipitavyo, kwa sababu mwili hauwezi kuweka askari wote barabarani siku zote. Lakini ziko chembe nyingine, zilizotulia katika mifupa na katika tezi, zinazohifadhi kumbukumbu ya adui, na hizo kipimo cha kidoleni hakizioni kamwe. Kutoonekana mstari si kukosa kinga. Nilimwambia pia kwamba aliyemlinda tangu mwanzo, baada ya Mungu, ni glavu na barakoa na sabuni, navyo vingali vipo sandukuni mwake. Amerudi kuosha. Lakini fikirini ni wangapi waliopewa neno lile lile moja wasipate wa kuwaeleza.

Habari ya pili ni ya kijana mmoja muuguzi, naye mambo yake yalikuwa kinyume. Kwake mstari ulionekana, tena mzito. Akaikunja karatasi akaitia katika pochi kama hirizi, na tangu siku ile barakoa ikawa kidevuni, hata akiingia kwa wazee wa ugonjwa wa sukari. Nilipomuuliza alinionyesha karatasi. Mimi siwezi kusema kwamba alimwambukiza mtu. Nasema kwamba alikuwa akiwachezea watu wasio na habari, kwa karatasi isiyosema alichodhani yasema.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, neno langu kwa Chama ni kwamba damu ya mtumishi ni amana. Sheria yetu inajua amana ni nini: anayepewa hana budi kuirudisha. Anayemchukua mtu damu ili aipime amechukua kitu chake, na kitu hicho hurudi kwa njia ya jibu lenye maelezo. Ipo hospitali moja, jina lake sitalitaja, ambayo watumishi wake walipangwa foleni asubuhi moja wakatolewa damu, hawakuambiwa ni ya nini, na wengine mpaka leo hawajapata jibu. Jambo kama hilo halifai. Mtu aulizwe kwanza, naye awe huru kukataa bila ya kuogopa mshahara wake. Jibu apewe yeye mwenyewe kwa siri, si kubandikwa ukutani wala kusemwa mbele ya wenzake. Na anayempa jibu awe na subira ya kukaa naye robo saa, amwambie ni kipande gani cha virusi kilichopimwa, na sindano aliyochanjwa ni ya namna gani, na kwamba mstari wa salama haupo. Hospitali isiyo na robo saa hiyo, heri isipime. Tena nathubutu kusema kwamba hospitali ikiwapima watumishi wake wote na kuona kingamwili zimeshuka katika wadi nzima, haina udhuru wa kuifungia hesabu ile kabatini. Wajibu wake ni kutafuta dozi nyingine, au kuwaondoa walio wazee na wagonjwa katika wadi za hatari.

Niongeze jambo dogo, kwa kuwa limeulizwa sana. Wako waliokataa kupimwa katika Ramadhani wakihofia saumu. Mashekhe wapo hapa nao ndio wenye neno; mimi nilivyofundishwa katika madhehebu yetu ya Shafii ni kwamba kutokwa na damu hakufunguzi, ingawa anayehofia kudhoofika ni bora aahirishe mpaka baada ya kufuturu. Maabara nyingi zaweza kungoja.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuseme haya leo, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutangaza kwamba hali ya hatari ya korona imeondoka. Sababu ni kwamba swali halikuondoka. Mwezi wa Julai 2024 ilipothibitishwa humu nchini ile homa ya nyani, ambayo sasa yaitwa mpox, watumishi walewale walisimama tena mbele ya wagonjwa wenye vipele, na wazee wakaanza kuonyeshana yale makovu ya ndui, maana magonjwa hayo mawili ni ndugu na chanjo ya moja huzuia kwa sehemu ya pili. Na vijana wasio na kovu wakaja tena maabara wakiuliza, "Nipime nijue kama nina kinga." Maradhi mengine yatakuja na chanjo nyingine zitakuja, na foleni ya watu waliokunja mikono ya mashati yao itarudi palepale.

Naomba Halmashauri imwandikie kila mkuu wa hospitali ya mji huu ambamo jamaa zetu wanafanya kazi, kwa adabu, iulize mambo mawili tu: damu iliyochukuliwa kwa watumishi ilipimwa nini, na majibu yatatolewa lini. Barua hiyo mimi niko tayari kusaidia kuiandika kwa Kiswahili, na wako vijana wetu watakaoitia katika Kifaransa.

Na usiku huu, baada ya swala ya Isha, nitakaa hapa ukumbini. Aliye na karatasi ya kipimo chake nyumbani, hata kama ni ya zamani na imechakaa, aje nayo tuisome pamoja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.